Jinsi ya Kukusanya Katuni za Zamani za Mashujaa wa Australia

Mtu anayetaka kukusanya katuni za zamani za mashujaa wenye nguvu za ajabu kwa kawaida huanza na Marekani, na huko hukuta bei za juu na soko lililokwisha kuchambuliwa toleo kwa toleo. Australia ni uwanja wa namna nyingine. Tangu miaka ya 1940 nchi hiyo ilikuwa na tasnia yake ya katuni, yenye mashujaa wake na wachoraji wake, pamoja na matoleo ya kienyeji ya Superman, Batman na wenzao. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo haina tarehe, namba zake mara nyingi hazifuati mpangilio unaotarajiwa, na wauzaji wengi hawajui hasa walicho nacho mkononi. Ndiyo maana mkusanyaji aliyejifunza kutambua vitabu humpita mkusanyaji mwenye fedha nyingi, na ndiyo maana hatua zifuatazo zinakaa muda mrefu zaidi katika utambuzi kuliko katika ununuzi.

Hatua ya kwanza: Elewa katuni hizi zilivyotokea

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maduka ya magazeti ya Australia yaliuza majarida mengi yaliyotoka Marekani. Mwaka 1940 serikali iliweka masharti ya kuzuia uingizaji wa bidhaa zisizo za lazima ili kuhifadhi dola, na katuni zikawa miongoni mwa vilivyozuiwa. Wasomaji walikuwa bado na hamu, na wachapishaji wa Sydney na Melbourne wakaiona nafasi hiyo. Hata hivyo karatasi ilikuwa ya mgawo, na wakati wa vita haikuruhusiwa kuanzisha jarida jipya la mfululizo. Kwa hiyo wachapishaji walitoa vitabu vya mara moja, kila kimoja na jina lake, bila namba na bila tarehe. Ukikutana na katuni ya miaka ya vita isiyo na namba yoyote, usidhani kwamba kuna ukurasa uliopotea, kwa kuwa huenda ilitoka kiwandani hivyo hivyo.

Masharti ya uingizaji yalibaki hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika kipindi hicho, hasa kati ya 1947 na 1958 hivi, ndipo mashujaa wengi wa kienyeji walipozaliwa. Kisha mambo yakawageukia. Jimbo la Queensland lilipitisha sheria mwaka 1954 iliyounda bodi ya kupiga marufuku machapisho yaliyoonekana kuwa na madhara, televisheni ikaanza kurushwa mwaka 1956, na katuni za Marekani zikarudi madukani. Wachoraji wengi walihamia kwenye magazeti, matangazo ya biashara au uandishi wa riwaya. Waliobaki imara ni wachapishaji waliokuwa na leseni za kurudia hadithi za Marekani kwa wino mweusi kwenye karatasi ya bei nafuu, pamoja na kampuni moja iliyokuwa ikichapisha hadithi za shujaa aitwaye The Phantom.

Hatua ya pili: Chagua uwanja wako

Hakuna anayeweza kukusanya vyote, na anayejaribu huishia na rundo lisilo na sura. Ziko njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni mashujaa waliobuniwa Australia kwenyewe, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe. Captain Atom, aliyeandikwa na Jack Bellew na kuchorwa na Arthur Mather, alitolewa na Atlas Publications ya Melbourne kuanzia 1948 hadi 1954 kwa matoleo 64, na matoleo yake ya mwanzo yalichapishwa kwa rangi, jambo lililokuwa la gharama kubwa wakati ule. Hadithi yake imetoka moja kwa moja katika hofu ya miaka hiyo: mwanasayansi aitwaye Dr Bikini Rador hutamka neno “Exenor!” na mahali pake hutokea shujaa aliyetokana na mlipuko wa bomu la atomu. Angalia usichanganye: kampuni ya Charlton ya Marekani ilimtoa Captain Atom wake mwaka 1960, naye hana uhusiano wowote na huyu wa Melbourne, lakini ukitafuta jina hilo mtandaoni wa Marekani ndiye atakayejaza ukurasa wako.

Mwingine wa kumtafuta ni The Crimson Comet wa John Dixon, aliyeanza mwaka 1949, mpelelezi binafsi aitwaye Ralph Rivers ambaye huficha mabawa halisi chini ya koti lake. Dixon ndiye aliyekuja kujulikana sana kuanzia 1959 kwa katuni ya magazetini kuhusu rubani wa madaktari wanaoruka kwa ndege, na mtu akizilinganisha kazi zake za mapema na hizo za baadaye huuona mkono wake ukikomaa ukurasa kwa ukurasa. The Panther wa Paul Wheelahan alianza mwaka 1957, mwishoni kabisa mwa zama hizo, na Sir Falcon wa Peter Chapman ni wa muongo huohuo. Katika vitabu hivi utaona dhahiri athari za mashujaa wa Marekani, lakini utaona pia kasi ya watu waliokuwa wakiandika, kuchora na kuandika herufi peke yao ili kitabu kiwahi mtambo.

Njia ya pili ni The Phantom, shujaa aliyebuniwa na Lee Falk wa Marekani lakini akapata makao ya kudumu Australia. Alianza kuonekana huko mwaka 1936 katika jarida la wanawake, na mwezi Septemba 1948 kampuni ya Frew Publications ya Sydney ilitoa toleo la kwanza la kitabu chake, ambacho kimeendelea kuchapishwa tangu hapo. Toleo hilo la kwanza ni miongoni mwa katuni zinazotafutwa kuliko zote nchini humo. Uzuri wa njia hii ni kwamba matoleo ya miaka ya 1970 na 1980 hupatikana kwa urahisi, hivyo anayeanza anaweza kuwa na mfululizo mrefu bila kujiumiza. Hatari yake ni kwamba Frew yenyewe imewahi kutoa upya matoleo ya mwanzo kwa kuiga ya asili, na wapo wauzaji, wengine bila kujua, wanaoziuza nakala hizo za kuiga kama za mwaka 1948.

Njia ya tatu ni matoleo ya kurudia. Kampuni ya K. G. Murray ya Sydney ilianza kutoa Superman mwaka 1947, mwanzoni kwa rangi, ikaongeza Batman mwaka 1950, na kuendelea na hadithi za kampuni ya DC hadi mapema miaka ya 1980. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 ilitoa vitabu vinene vya kurasa mia moja vyenye majina kama Hundred Comic Monthly, Five-Score na Mighty, ambamo Superman anaweza kukaa kurasa chache tu kutoka kwa wachunga ng’ombe wa magharibi ya Marekani na askari wa vitani. Kwa upande wa Marvel, kampuni nyingine ya Marekani, Newton Comics ya Maxwell Newton, mwandishi wa habari aliyekuwa mhariri wa kwanza wa gazeti la The Australian, ilitoa Spider-Man na wenzake kwa muda mfupi tu, 1975 na 1976, na baadaye kampuni ya Yaffa ikaendelea na kazi hiyo.

Nashauri anayeanza anunue kwanza vitabu vitano au sita vya K. G. Murray vya miaka ya 1960 na 1970, vilivyochakaa kidogo. Bei yake ni ya kuvumilika, na vitamfundisha macho yake karatasi, wino, pini na maandishi madogo yanavyopaswa kuonekana kabla hajagusa kitabu cha Captain Atom.

Hatua ya tatu: Jifunze kukadiria mwaka wa kitabu kisicho na tarehe

Hapa ndipo pa kukaa na subira. Katuni nyingi za Australia hazitaji mwaka, lakini zinautoboa kwa njia nyingine.

Anza na bei iliyo kwenye jalada. Australia ilitumia pauni, shilingi na peni hadi tarehe 14 Februari 1966, ilipoingia kwenye dola na senti. Herufi d baada ya namba ni peni, na peni 12 ni shilingi moja, ambayo huandikwa 1/- kama ilivyozoeleka katika bei za madukani Afrika Mashariki. Kitabu chenye bei ya peni au shilingi peke yake kimechapishwa kabla ya mabadiliko hayo. Chenye senti peke yake ni cha baada yake. Na vile vyenye bei zote mbili, kwa mfano 1/- na senti 10 pamoja, ni vya kipindi kifupi cha mpito, jambo linalokupa mwaka kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi mwingine wowote wa jaladani.

Kisha geuza jalada na usome maandishi madogo yaliyoko chini ya ukurasa wa kwanza au upande wa ndani wa jalada. Hapo huwa pana jina la mchapishaji, mpiga chapa, anwani, na mara nyingi maneno ya usajili wa posta. Anwani ni shahidi mzuri, kwa sababu kampuni zilihama, zikabadili majina na kununuliwa. Angalia pia kama anwani ina msimbo wa posta wa tarakimu nne. Misimbo hiyo ilianza kutumika mwaka 1967, kwa hiyo kitabu kilicho nayo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata kama picha ya jalada ni ya mwaka 1955.

Jambo la tatu linahusu matoleo ya kurudia. Kila hadithi ndani yake ilitoka kwanza Marekani kwa tarehe inayojulikana. Tafuta kila hadithi kwa jina lake au kwa picha ya ukurasa wake wa kwanza katika hifadhidata ya Grand Comics Database, kisha chukua ile iliyo mpya kuliko zote kitabuni, kwani kitabu cha Australia hakiwezi kuwa cha zamani kuliko hadithi hiyo. Usiitegemee picha ya jalada. Ilikuwa kawaida kuchukua jalada la kitabu kimoja cha Marekani na kulifunika juu ya hadithi za vitabu vingine viwili au vitatu, na mara nyingine msanii wa kienyeji kama Hart Amos alichora jalada jipya kabisa. Majalada hayo ya kienyeji, ambayo hayapatikani katika katuni yoyote ya Marekani, yanastahili kutafutwa kwa ajili yake yenyewe.

Namba ya toleo iachie nafasi ya mwisho. Mfululizo mmoja unaweza kubadili jina katikati na kuendelea na namba zilezile, au kuanza upya na namba 1 chini ya jina lililopambwa kidogo. Newton Comics inafahamika kwa makosa ya namba. Mtu akikuuzia “namba 1”, mwulize ni namba 1 ya mfululizo upi, wa mchapishaji yupi.

Hatua ya nne: Kusanya marejeo yako

Chanzo cha msingi ni historia ya katuni za Australia aliyoiandika John Ryan na kuchapishwa mwaka 1979. Nayo yenyewe siku hizi ni kitabu cha kutafuta. Mkusanyo wake wa katuni uko katika Maktaba ya Taifa ya Australia mjini Canberra. Kwa matoleo ya kurudia kuna tovuti ya AusReprints, ambayo imeorodhesha vitabu pamoja na hadithi zilizomo na mahali zilikotoka. Trove, hazina ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa inayosomwa bure kutoka popote duniani, itakusaidia kuona matangazo ya katuni na mijadala ya miaka ya 1950 kuhusu kuzipiga marufuku.

Hatua ya tano: Kagua nakala kabla ya kulipa

Kama unanunua kwa mbali, omba picha za jalada la mbele, jalada la nyuma, upande wa ndani wa jalada, ukurasa wa katikati penye pini, na ukurasa wa mwisho. Muuzaji mwaminifu hatachoshwa na ombi hilo. Ukurasa wa katikati ndio unaotoka kwanza pini zikilegea, na kwa kuwa karatasi moja iliyokunjwa hubeba kurasa nne, kuondoka kwake hukata hadithi bila kuacha alama yoyote jaladani. Hesabu kurasa, au mwombe muuzaji azihesabu.

Halafu tazama kile ambacho watoto wa wakati ule walikifanya. Ndani ya vitabu hivi mara nyingi ni nyeusi na nyeupe, na mtoto mwenye penseli za rangi hakuweza kujizuia: utakuta joho la Superman limepakwa nyekundu kwa uangalifu mkubwa katika kurasa tatu za kwanza, kisha rangi ikakatika katikati ya kisanduku, mwenyewe akiwa amechoka au ameitwa mezani. Kwa wakusanyaji wengi hilo hushusha bei sana. Kuponi zilizokatwa ni tatizo zaidi, kwa kuwa nyuma ya kuponi kuna sehemu ya hadithi iliyoondoka nayo. Majina ya wateja yaliyoandikwa kwa penseli na muuza magazeti, na mihuri ya maduka ya kubadilishana vitabu, ni ya kawaida kiasi kwamba kuyakataa yote ni kujinyima; mimi huyahesabu kuwa sehemu ya historia ya nakala, mradi muhuri haujafunika uso wa shujaa.

Kutu ya pini ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa maana kutu huila karatasi inayozunguka pini hadi kurasa zikatoka. Gundi ya utepe wa plastiki iliyozeeka huacha doa la manjano lisilotoka. Pembe zilizonyooka mno na ukubwa uliopungua ukilinganishwa na nakala nyingine ya toleo hilo ni dalili kwamba mtu amezikata kingo ili kitabu kionekane kipya. Kwa vitabu vya Newton, uliza kama bango la ukutani au zawadi nyingine iliyotolewa pamoja na toleo bado imo, kwa kuwa nakala kamili na nakala pungufu huuzwa kwa bei mbili tofauti kabisa.

Ikiwa unaoneshwa toleo la The Phantom la 1948 au 1949, gusa karatasi. Karatasi ya magazeti ya miaka hiyo imekwisha kugeuka rangi ya kahawia, kwa kawaida zaidi kingoni kuliko katikati, na ina harufu yake. Karatasi nyeupe, laini, yenye rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo ni ya kuiga. Tafuta pia, ndani na nyuma, maandishi yanayotaja kuwa ni nakala ya kuiga au toleo maalumu.

Hatua ya sita: Nunua

Minada ya mtandaoni ya Australia ndiyo yenye vitabu vingi zaidi. Kwa aliyeko huko, maonesho kama Supanova na Oz Comic-Con, masoko ya Jumapili na maduka ya hisani bado hutoa vitu vizuri. Kwa aliyeko mbali, posta ndiyo inayoumiza: kitabu chembamba kinaweza kugharimu zaidi kusafirishwa kuliko kununuliwa. Ukiwa na ndugu au rafiki anayeishi Melbourne, Perth au Brisbane, ambako wapo Waafrika Mashariki na Wakongo wengi, mwombe awe anapokea vitabu vyako na kuvituma kwa pamoja.

Kabla ya kutoa bei, angalia bei ambazo vitabu vya aina hiyo viliuzwa kweli, wala usitazame bei wanazoomba wauzaji, maana kitabu kinaweza kukaa miaka na bei ya kufikirika. Usipige kitabu cha Australia bei kwa kutumia orodha za bei za Marekani. Kitabu kilichorudia hadithi maarufu ya Marekani kina soko lake, lenye wakusanyaji wa Marekani wanaotaka matoleo ya nje, ilhali bei ya kitabu cha shujaa wa kienyeji hutegemea zaidi wakusanyaji wachache ambao bado wanakipenda.

Mwagize muuzaji aweke kitabu kati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyo vipana kuliko kitabu chenyewe, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Hatua ya saba: Tunza ulichopata

Karatasi hii ilitengenezwa isomwe wiki moja na kutupwa. Ina asidi ndani yake, na joto, mwanga na unyevu huharakisha kuoza kwake. Weka kila kitabu katika mfuko angavu wa poliesta pamoja na ubao wa nyuma usio na asidi, kisha visimamishe ndani ya sanduku bila kuvibana wala kuviacha vilale kwa kuinama. Usitumie mifuko laini ya madukani, kwani plastiki yake huachilia kemikali.

Kwa wanaoishi pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, adui mkubwa ni unyevu wenye chumvi, unaoleta kutu kwenye pini na madoa ya kahawia kwenye karatasi. Weka sanduku mbali na ukuta wa nje, usiliweke sakafuni, tia pakiti za kufyonza unyevu na uzibadilishe zikishajaa. Kagua masanduku mara kwa mara kwa ajili ya mchwa na wadudu wengine walao karatasi. Usijaribu kung’oa utepe wa zamani wala kubadilisha pini mwenyewe. Kitabu kilicho dhaifu kisomwe mezani, kikiwa kimefunguliwa nusu tu.

Hatua ya nane: Andika kumbukumbu

Kwa kila kitabu andika jina kama lilivyo kwenye jalada na kama lilivyo katika maandishi madogo ya ndani, kwa kuwa majina hayo hutofautiana mara kwa mara. Ongeza mchapishaji, anwani yake, mpiga chapa, bei, idadi ya kurasa, hadithi zote kwa mpangilio, jina la mchoraji kama amesaini, na ushahidi uliokufanya ukadirie mwaka. Piga picha ya jalada la mbele na la nyuma. Ukigundua kwamba toleo lako halimo katika hifadhidata, au kwamba hadithi zake zimeorodheshwa vibaya, peleka taarifa hizo pamoja na picha kwa wanaoitunza, kwa sababu bado kuna matoleo yanayojulikana kwa tangazo la nyuma ya kitabu kingine tu, na huenda nakala ya moja kati ya hayo iko ndani ya sanduku ulilonunua kwa ajili ya kitu kingine.